Juru Ilikuwa Yangu

Watu wakiniuliza pendekezo langu la utafiti niliandikaje, huwajibu kwamba niliandika mara tano, basi. Siongezi kwamba hilo la tano linahusu maziwa. Mimi ni mtoto wa wakulima wa maharagwe, wakimbizi waliotoka Kivu ya Kusini, nimekulia Juru ndani ya makazi ya Nakivale, na maziwa nayajua kwa kadiri anavyoyajua mtu yeyote anayekunywa chai. Hata hivyo tasnifu yangu inahusu wanawake wanaouza maziwa Bwizibwera. Nitaeleza ilivyokuwa, na nitajitahidi kusema kweli, maana katika habari hii nimeshadanganya vya kutosha.

Tulikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Mbarara, tukisomea maendeleo ya jamii. Kabla ya kwenda kukusanya data, kila mwanafunzi alipaswa kuandika anataka kuchunguza nini, wapi, kwa njia gani, na kwa nini mtu mwingine ajali jambo hilo. Ukimaliza unasimama mbele ya jopo la wahadhiri watatu. Wakikubali unaendelea, wakikataa unarudi nyuma muhula mzima. Mimi nilikuwa nasoma kwa ufadhili, na ufadhili wangu haukuwa na muhula wa ziada.

Sikuwa na wasiwasi lakini. Wenzangu walihangaika wakitafuta pa kwenda kuchunguza, mimi pa kwenda palikuwa kwetu. Darasani mhadhiri akitamka neno wakimbizi, vichwa viligeuka kunitazama. Miaka ya kwanza jambo hilo liliniudhi, nikawa nakaa nyuma. Mwaka wa mwisho nililichukua kama shamba la urithi: Juru ni yangu, na atakayetaka kuingia abishe hodi.

Pendekezo la kwanza nililiita “Changamoto za Wakimbizi wa Nakivale.” Msimamizi wangu, mama mmoja wa Kinyankore ambaye miwani yake hukaa zaidi kifuani kuliko machoni, aliandika neno moja juu ya ukurasa: Zipi? La pili likawa “Changamoto za Wanawake Wakimbizi wa Nakivale.” Akasema sijafanya kitu, nimeondoa wanaume tu. La tatu niliongeza wakulima, nikaongeza Juru, nikaongeza na uchumi, jina likajaa mistari mitatu. Alilisoma mbele yangu hadi mwisho, kisha akanirudishia.

“Hili hata mimi naweza kuliandika nikiwa nimekaa hapa hapa ofisini,” alisema. “Wewe umetoka huko. Niambie kitu ambacho mimi sikijui.”

Nilitoka nimekunja uso. Nilimlaumu yeye njia nzima hadi Biharwe, tulikopanga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiuliza ni kitu gani cha Juru ambacho yule mama hakijui, na sikupata hata kimoja.

Nimesema tulikopanga, kwa sababu chumba tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa askari wa jeshi la hapa. Alizaliwa kambini, akakulia kambi moja hadi nyingine kila baba yake alipohamishwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi ya jeshi, kifupi, kinachofika haraka kinakokwenda. Alijua Kinyankore, alijua Luganda, na Kiingereza chake kilikuwa cha shule nzuri. Baba yake alimtaja kila siku. Mama yake hakumtaja, na mimi katika miaka mitatu ya kulala chumba kimoja sikumwuliza. Namwita rafiki yangu kwa sababu ndivyo alivyokuwa, ingawa kuna miezi nilimwita mwenzangu tu.

Yeye alitaka kuchunguza maisha ya wake wa askari, lakini wakubwa wa kambi hawakumpa ruhusa. Akabaki mikono mitupu, wiki saba kabla ya jopo. Ndipo akaniambia, “Wewe, wikendi unaenda kwenu. Peleka mimi pia. Mimi naona tu, sisumbui mtu.”

Nilimpeleka, na nilimpeleka kwa roho mbaya kidogo. Nilitaka aone kwamba kwetu si mahali pa kutazama ukarudi. Nilitaka matope ya Juru yamvue vile viatu vyake vyeupe, ili akirudi chuoni aniheshimu zaidi. Tulipofika mama alikuwa nje, anachagua maharagwe kwenye ungo. Nikamtambulisha: huyu mwenzangu wa chuo, baba yake ni askari. Hilo la askari halikuwa na haja kusemwa. Kule tulikotoka mtu akisema askari, huulizi ni wa upande gani, unatafuta mlango. Nilimwona mama amekaza vidole kwenye ungo, na nitakiri kwamba nilikuwa nikilingojea jambo hilo.

Binti wa askari akapiga magoti. Palepale kwenye matope, kama wanavyofanya mabinti wa Uganda wakimwamkia mzazi. Mimi miaka yote ya kuishi nchi hii sijawahi kumpigia mama yangu magoti, kwetu hatuna desturi hiyo.

“Mama, iko salama? Mimi nakuja saidia kazi.”

Mama alicheka kwa aibu, akamshika mkono. “Inuka, mwana, utachafula nguo. Kuya, ikala fasi hii, karibu yangu.”

Akakaa. Akavuta ungo, akaanza kuchagua maharagwe naye, yaliyotobolewa huku, mawe kule, na ndani ya nusu saa mama alikuwa anamwita binti yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi mwenyeji nilianza kuugua siku hiyo.

Ili kuonyesha kwamba tulikuja kwa kazi, nilitoa dodoso langu na kalamu. Nikamwambia mama nitamwuliza maswali machache ya chuo. Palepale akabadilika. Alifuta mikono, akanyoosha kitenge, akaweka sauti nyingine ambayo naijua tangu utotoni, sauti ya kwenye foleni ya mgao wa chakula.

“Mnakula mara ngapi kwa siku?” nikauliza.

“Mara moja.”

“Mama, chungu kile ni cha nini? Na umeniambia asubuhi mmekunywa uji.”

“Uji haiko chakula. Andika mara moja.”

Rafiki yangu alicheka mpaka akaficha uso. Mama hakucheka. “Fishi ni fishi, mwana wangu,” alisema. “Hata ikiletwa na mutoto niliyezaa.”

Msomaji asiyeishi Juru anaweza kudhani mama yangu ni mwongo. Si mwongo. Kwetu mtu anayekuja na fishi, yaani karatasi yenye maswali, huja kuhesabu, na aliyehesabu leo hurudi kesho na habari kwamba wewe hali yako si mbaya, mgao wako umepunguzwa. Kwa hiyo kila mtu ana majibu ya fishi na ana maisha yake, na havikai chumba kimoja. Nilijua hivyo tangu mtoto. Lakini nilikuwa na ujinga wa kuamini kwamba karatasi ikiwa mkononi mwangu itaacha kuwa karatasi. Nikaona mama hanisaidii, nikabeba dodoso langu kwa majirani, nikarudi na kurasa za mara moja, mara moja, mara moja.

Niliporudi, mama na rafiki yangu walikuwa wameshamaliza ungo wa kwanza na wako kwenye wa pili. Walinyamaza waliponiona, kisha mama akasema kitu kuhusu kupika sombe, majani ya muhogo. Sikutilia maanani. Kabla hatujaondoka mama alimpitisha kwa majirani wa mstari wetu kuwasalimu, mimi nikabaki kupanga kurasa zangu.

Wiki mbili baadaye nikakuta pendekezo lake juu ya kitanda. Aliliacha wazi, hakuwa na cha kuficha, na mimi nikalisoma nikiwa nimesimama. Lilikuwa kwa Kiingereza, limeandikwa vizuri, na jina lake lilikuwa “Mbegu Zinazolala kwa Jirani.”

Lilieleza hivi. Katika mistari fulani ya nyumba za Juru, mwanamke haweki mbegu yake ya maharagwe katika nyumba yake. Akishavuna anatenga ya kupanda msimu ujao, anaifunga, anaipeleka kwa jirani. Jirani naye analeta yake. Sababu ni njaa. Miezi ya njaa ikifika, mbegu iliyo ndani utaipika, maana watoto wako watalia na wewe utawasikia. Ya jirani hutaipika. Wanawake hawajaandikiana kitu, na hakuna ofisi iliyowafundisha. Wanalindana hivyo tu, kila mmoja dhidi ya huruma yake mwenyewe.

Nimekulia ndani ya nyumba ile. Niliona furushi la mama jirani juu ya dari yetu miaka yote, na nilidhani ni nguo.

Kisha nikafika aya ya tatu. Iliandikwa kwamba mwanamke mmoja aliueleza mwanzo wa jambo hilo kwake: mwaka mmoja binti yake mdogo alishikwa na homa iliyokataa kushuka, mtoto hakula siku tatu, na siku alipoomba maharagwe mama alipika kilichokuwepo, ambacho kilikuwa mbegu. Mtoto alikula na akapona. Msimu uliofuata mama hakupanda kitu. Tangu hapo mbegu yake hailali kwake.

Mtoto huyo ni mimi. Mama yangu ana binti mmoja tu.

Nilikaa kitandani. Siwezi kusema nilihuzunika, ingawa ingekuwa heshima zaidi kuandika hivyo. Niliona wivu, wivu wa kuumiza meno. Mama alimpa mgeni homa yangu. Alimpa mtu aliyemjua kwa nusu siku, ambaye baba yake huvaa magwanda, na huyo mtu akaiweka kwenye Kiingereza ambacho mama hawezi kukisoma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepewa uji haiko chakula.

Msimamizi alilipenda pendekezo lile hata akalisoma darasani. Alivaa na miwani. “Hiki,” alisema, “nilikuwa sikijui.” Vichwa viligeuka kama kawaida yao, ila safari hii viligeukia upande wa pili.

Nikaandika pendekezo la nne kwa siku tatu. Nilichukua mbegu zilezile na Juru ileile, nikalifanya lisikike kama wazo langu la siku nyingi. Kwani siyo dari yetu? Siyo mama yangu? Msimamizi alituita wote wawili ofisini, karatasi zetu zimelala pamoja mezani kwake.

“Wanawake wale wale hawawezi kuulizwa swali moja na watu wawili,” alisema. “Kila mmoja akayajaribu maswali yake kwa wanawake wachache, alete matokeo mbele ya jopo. Jopo litaamua Juru ni ya nani. Mwingine atatafutiwa mahali.”

Tulitoka tukitembea pamoja, maana tunaishi pamoja. Rafiki yangu ndiye aliyeanza kusema. Hakukasirika. Alisema ni haki yangu kutaka, ni kwetu. Halafu akaniomba jambo.

“Wewe tafsiri maswali yangu kwa Kiswahili ya mama yako. Ya mimi watu wanasikia kama amri.”

Nilikubali haraka kuliko inavyopaswa. Na nilimfanyia kazi nzuri, hilo liandikwe popote. Maswali kumi na mawili niliyageuza katika Kiswahili cha kwetu, laini, cha kuketi, hata bibi asiyejua kusoma angeyasikia kama maongezi. Kisha, juu kabisa ya ukurasa, kabla ya swali la kwanza, nilichora visanduku viwili. Kimoja: Namba ya karti. Cha pili: Idadi ya watu nyumbani.

Karti ni ile kadi ya familia ambayo mgao unatoka kwayo. Fishi isiyouliza namba ya karti inaweza kuwa ya chuo, ya kanisa, ya mtu yeyote. Inayouliza, Juru nzima inajua imetoka wapi na itarudi na nini.

“Hii ya juu ni ya nini?” aliniuliza.

“Ni utaratibu wa kule,” nikasema. Akaniamini, akaenda kutoa nakala.

Kujaribu maswali alikwenda peke yake. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Yangu niliyajaribu siku nyingine, mtaa wa ndugu zetu wa ukoo, wanawake watatu, bila kisanduku, na walinijibu vizuri kiasi.

Alirudi alasiri akaketi kitandani na viatu vyake miguuni, jambo asilolifanya kamwe. Wanawake wanane, na hakuna hata mmoja aliyejua habari ya mbegu kulala kwa jirani. Hawana mbegu. Hawajawahi kuwa na mbegu. Mmoja aliuliza kama ataleta sabuni.

“Na mama yako,” alisema. “Mama yako pia alisema hajui hiyo kitu. Mimi nilipiga magoti, yeye anaita mimi madamu, kama mtu wa ofisi.”

Nilimpikia chai. Nilimwambia pole, utafiti ndivyo ulivyo. Na ndani yangu nilifurahi. Nilifurahi hasa kwa lile neno madamu, nikalirudia kimoyomoyo nikiosha vikombe.

Siku ya jopo alisimama kabla yangu. Nilikaa mstari wa pili nikingoja aanguke. Alianza kwa kusema wazi kwamba maswali yake yameshindwa. Akasoma majibu ya wanawake wanane, moja kwa moja, bila kujitetea. Halafu akasema kwamba wanawake hao hao, alipokuja bila karatasi, walimweleza kila kitu na walimwonyesha mafurushi. Kilichoongezeka ni karatasi tu. Basi anaomba kubadilisha swali: karatasi inafanya nini kwa ukweli wa mtu wa Nakivale? Na kama inafanya hivyo, je, yote yaliyokwisha kuandikwa kuhusu wakimbizi kwa kutumia karatasi kama hiyo tuyasome vipi?

Mwenyekiti wa jopo aliweka kalamu chini. Msimamizi wetu alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikisikia kile kisima changu kikiitika. Nilikuwa nimemchimbia shimo, naye amepata maji.

Kazi yangu walisema inatosha. Ndilo neno walilolitumia. Inatosha, lakini kijiji kimeshachukuliwa, na mbegu zimeshachukuliwa. “Bwizibwera si mbali,” alisema mwenyekiti kwa upole, “na pale kuna wanawake wengi kwenye biashara ya maziwa. Badilisha mahali na bidhaa, ulete baada ya wiki mbili, tutapitisha.” Kwa hiyo binti wa kambi ya jeshi alipewa mama yangu, na mimi nikapewa ng’ombe wa watu.

Jumatano nilikwenda Juru kumpa mama habari. Sikwenda kukiri kitu, nilikwenda nihurumiwe. Nilimkuta shambani anapalilia, nikachukua jembe la pili, nikaingia mstari wa pembeni yake.

“Ile kazi ya iniversite imepita?” aliuliza.

“Imepita. Lakini Juru wamempa mwenzangu.”

Jembe lake lilisimama. “Wamemupa? Na vile tulimukatalia?”

Nikasema ndiyo, wamempa, kwa sababu amegundua kwamba mkiona karatasi mnaogopa.

Mama aliegemea mpini wa jembe. “Tuogope nini? Ule binti alikula hapa kwangu. Angekuya na fishi mia, tungemuambia.”

“Sasa kwa nini mlimnyima?”

“Si weye ulisema?” Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekukumbusha ulichotuma sokoni. “Ile fasi ya namba ya karti, ni weye uliitia. Ule mutoto hajue karti ni kitu gani, hajasimama kwa foleni hata siku moja. Mutu wa Juru tu ndiye anaweza kuwaza ile. Niliona nikasema, mwana wangu ananitumia habari, hataki tumuambie. Nikamuomba angoje kidogo, nikapita kwa bamama bote kwa mustari, nikabaambia banyamaze.”

Yeye akaendelea, na sasa alikuwa na hasira.

“Nilimudanganya mutoto wa watu juu yako. Alinipigia magoti, mie nikamuita madamu. Siku ile sikukula.”

Kitu cha aibu ni kwamba hata hapo, katikati ya mstari wa maharagwe, wivu wangu haukuwa umeisha. Nilimwuliza lile lililokuwa linaniuma tangu nilipoisoma aya ya tatu: kwa nini habari ya homa yangu alimwambia yeye, na mimi hajaniambia miaka yote?

“Weye ningekuambia nini?” alisema. “Kwamba ulikula shamba? Ungelibeba ile neno mupaka leo, na ulikuwa mutoto, hauna kosa. Yeye, ile neno haiko yake. Anaweza kuniwekea.”

Tulipalilia mpaka mwisho wa mstari. Mwishoni aligonga jembe kuondoa udongo. “Jumamosi anakuya,” alisema. “Umuambie mbele. Kama haujamuambia, mie nitamuambia, na aibu itakuwa ya batu babili, weye na mie.”

Siku mbili zile nilijihesabia mambo kwa namna mbaya. Nikimwambia kweli, pendekezo lake linaanguka, maana wanawake hawakuogopa karatasi yoyote, walimtii mama yangu. Likianguka, Juru inaweza kurudi kwangu. Ningependa kuandika kwamba wazo hilo nililifukuza. Sikulifukuza. Nililipangia na namna ya kulisema kwa msimamizi, kwa sauti ya unyenyekevu, nikionekana mtu mwaminifu.

Ijumaa mchana nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye bomba, anafua. Nilibaki nimesimama nikamweleza kuanzia kisanduku hadi shamba. Sikumficha chai wala neno madamu. Aliendelea kusugua kola ya shati lilelile muda wote nilipokuwa naongea.

“Kwa hiyo hawakuogopa karatasi,” alisema nilipomaliza.

“Hawakuogopa.”

“Ni mama yako alisema wasiongee.”

“Ndiyo.”

Nilijiweka tayari kwa matusi, na kambi ya jeshi ina hazina kubwa ya matusi. Hakutukana. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akasema jaribio lake lilikuwa na kasoro, bila kumtaja aliyetia kasoro hiyo, akaomba arudi kwenye mbegu zake za mwanzo. Walimruhusu, na Juru ikabaki kwake. Lakini siku ile, pale bombani, alichofanya ni kukamua shati na kulining’iniza kwenye kamba, akalinyoosha mikono yote miwili, akasimama akilitazama.

“Mama yako anapenda mimi?” aliuliza bila kugeuka.

“Anakupenda sana. Siku ile hakula.”

“Anapenda mimi, na bado alidanganya mimi. Juu ya wewe tu. Hata wewe hukumwomba, aliona tu mkono yako kwa karatasi.”

“Ndiyo.”

Alikausha mikono kwenye sketi. Ndipo akaniambia kwamba mama yake aliondoka kambini yeye akiwa darasa la pili, na baada ya hapo kila kambi waliyohamia baba alikuwa na mke mwingine, wote watu wazuri, walimpa chakula na walimlipia shule kwa wakati.

“Hakuna hata mmoja anaweza danganya mtu kwa sababu ya mimi,” alisema. Kisha akageuka akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo, alitaka kujua kweli, vile anavyouliza maswali yake yote. “Sasa wewe ulikuwa unaonea mimi wivu ya nini?”